Wiki kumi na tatu kabla ya mtihani wa udaktari: jibu kwa msomaji wa Malindi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza Form Four mwaka jana hapa Malindi, nikapata A-. Mwezi wa Septemba nataka kufanya mtihani wa IMAT ili nisomee udaktari Italia. Nimejipangia saa kumi na nne kwa siku. Juni nitasoma biolojia yote kuanzia Form One, Julai kemia, Agosti fizikia na hesabu, halafu wiki mbili za mwisho nifanye karatasi za miaka iliyopita. Jioni namsaidia mama kuuza viazi karai Barani, na naona saa hizo zinapotea bure. Nilijaribu karatasi moja, nikajibu maswali yote 60, nikapata 25 sahihi. Je, ratiba hii itanifikisha?

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa hiyo A-, na hongera zaidi kwa kufanya karatasi nzima kabla ya kuniandikia. Wengi huniletea ratiba tupu, nikakosa pa kuanzia. Nitakwambia wazi: ratiba uliyoipanga haitakufikisha. Bidii unayo. Kasoro iko kwenye mpangilio, na mpangilio tunaweza kuurekebisha wiki hii hii.

Tuanze na mtihani wenyewe. IMAT ina maswali 60 ya kujibiwa kwa dakika 100, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Jibu sahihi linakupa alama 1.5, jibu la makosa linakukata 0.4, na swali uliloliacha halikupi kitu wala halikukati. Jumla ni alama 90. Kwa mgawo wa miaka ya karibuni, biolojia ina maswali 23, kemia 15, fizikia na hesabu kwa pamoja 13, mantiki 5, na ufahamu pamoja na maarifa ya jumla 4. Lugha ni Kiingereza, kazi inafanyika kwenye karatasi, na kalkuleta hairuhusiwi. Wewe ulipata 25 na kukosa 35, kwa hivyo uliingiza 37.5, ukakatwa 14, ukabaki na 23.5. Namba hiyo iandike ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na tarehe yake.

Sasa rudi kwenye ratiba yako. Biolojia na kemia peke yake ni alama 57 kati ya 90. Fizikia na hesabu ni 19.5. Wewe umezipa mwezi mmoja mmoja kana kwamba zina uzito sawa. Mantiki, ambayo ni alama 7.5 na ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kukufundisha darasani, haimo kabisa. Tena biolojia, yenye alama nyingi kuliko zote, utaimaliza Juni na hutaigusa mpaka Septemba. Hapo ndipo utakapoanguka, hata ukisoma saa ishirini kwa siku.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine waliambiwa wavisome tena, wengine wakaambiwa wafunike karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Ndiyo maana mtu husoma sura ya figo mara tatu usiku, akalala akiwa na uhakika imeingia, na wiki ijayo akaulizwa maji hunyonywa wapi kwenye nefroni akabaki kimya. Alichokuwa nacho usiku ule kilikuwa cha zile dakika tano.

Kwa hiyo mambo mawili yawe msingi wa ratiba mpya. Kila mada irudi: kesho yake, baada ya siku nne hivi, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Na kila inaporudi, irudi kama swali, kitabu kikiwa kimefungwa. Ukilishika hili, huhitaji saa kumi na nne. Saa saba za kweli kwa siku zinatosha, na saa saba za kujipima ni nzito kuliko unavyodhani. Jaribu siku mbili uone kichwa kitakavyochoka.

Saa zenyewe nimezipanga kwa maisha yako, si kwa maisha ya mtoto wa bweni. Baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu, fanya kazi ya kalamu: fizikia, hesabu, na zile hesabu za kemia za moli na pH. Kichwa kina nguvu, nyumba imenyamaza, simu za watu hazijaanza. Kula, fanya kazi za nyumbani, kisha saa mbili na nusu mpaka saa nne na nusu iwe biolojia. Pumzika. Saa tano mpaka saa sita na nusu iwe kemia ya maelezo. Sali adhuhuri, kula, lala kidogo. Usingizi wa nusu saa mchana ni sehemu ya ratiba na usiuonee aibu. Saa nane mpaka saa tisa na nusu ni maswali ya mchanganyiko, masomo yote pamoja bila mpangilio, na mawili matatu ya mantiki ndani yake kila siku. Hapo saa saba zimetimia, na saa kumi unakwenda kwa mama.

Hizo saa za viazi karai usiziondoe. Hazipotei. Umekaa tangu alfajiri umeinamia karatasi, na akili inahitaji muda wa kutulia bila kulishwa kitu kipya. Simama, zungumza na wateja, hesabu chenji kwa kichwa maana hesabu za kichwa utazihitaji. Ukirudi baada ya isha, chukua nusu saa tu upitie daftari la makosa nitakalolieleza hapa chini, halafu ulale. Saa nne usiku taa izimwe. Nimewaona vijana wanaojisifu kwa kukesha, na inaniuma, kwa sababu usingizi ndio unaokaza kile ulichojifunza mchana. Anayekata usingizi ili asome anafuta kwa mkono mmoja alichoandika kwa mwingine.

Mpango huo ni wa Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa soma mpaka saa tano, kisha jiandae kwa sala ya Ijumaa na usifungue kitabu tena mpaka kesho. Jumamosi ni ya karatasi.

Wiki kumi na tatu zigawe hivi. Wiki ya kwanza ni ya kujipima: fanya karatasi moja kwa dakika 100 kamili, sahihisha, na uorodheshe mada zote za mtaala wa IMAT, kila moja ukiipa alama ya "najua", "najua nusu" au "sijui". Mtaala huo hutolewa pamoja na tangazo la wizara ya vyuo vikuu ya Italia. Uchapishe saiba, uubandike ukutani. Wiki ya pili mpaka ya saba ni za kujenga, ukianza na mada za "sijui" zenye maswali mengi. Wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili, karatasi mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, na siku zilizobaki ni za kuziba mianya iliyoonekana. Wiki ya kumi na tatu unapunguza.

Kuhusu karatasi za zamani kuna mambo ambayo wengi hawaambiwi. Mtihani ulianza 2011, na mpaka 2022 ulitungwa na Cambridge Assessment; tangu 2023 kazi hiyo iko chini ya wizara yenyewe. Mgawo nao umebadilika. Kwenye karatasi za miaka kadhaa mpaka 2021, mantiki na maarifa ya jumla yalikuwa maswali 22, biolojia 18, kemia 12, na fizikia pamoja na hesabu 8. Kama karatasi uliyoifanya ni ya miaka hiyo, zile 23.5 zako hazikwambii ungepata ngapi leo. Hesabu upya: kila somo ulipata mangapi kati ya mangapi, kisha uyapime kwa mgawo wa sasa. Huenda mantiki ndiyo iliyokuangusha na sayansi yako ni nzuri kuliko unavyofikiri, au kinyume chake.

La pili, baadhi ya karatasi zilizochapishwa zina jibu sahihi kwenye herufi A katika kila swali. Macho yakishalijua hilo, karatasi haina faida tena. Mpe ndugu yako akubadilishie herufi kwa kalamu kabla hujaigusa. La tatu, karatasi za 2023 na za baadaye ni chache na ndizo zinazofanana na utakayokutana nayo, kwa hivyo zifungie mpaka wiki ya kumi na kuendelea. Katika wiki za kujenga tumia zile za zamani kabisa, moja kila Jumamosi mbili, na Jumamosi ya katikati fanya maswali ya somo moja tu kutoka karatasi mbalimbali. Zote zichapishe. Mtihani ni wa karatasi na kalamu, na stima ikikatika alasiri kazi yako haisimami.

Sasa daftari la makosa, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu alama nyingi utakazoongeza zitatoka humu kuliko kwenye kitabu chochote. Karatasi ya dakika 100 inataka angalau saa tatu za kusahihisha. Mwanafunzi wa kawaida hufanya karatasi, huhesabu alama, hufurahi au huhuzunika, kisha hukimbilia karatasi nyingine. Huyo amejipima bila kujitibu.

Kwa kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, andika sababu moja kati ya nne. Moja, sikuwahi kulijua. Mbili, nililijua nikalisahau. Tatu, nililijua lakini nilisoma swali vibaya au nilikosea hesabu. Nne, niliishiwa na muda. Sababu hizi zinataka dawa tofauti kabisa. La kwanza linakurudisha kwenye kitabu, na mada hiyo inaingia ratiba ya wiki ijayo. La pili halihitaji kitabu. Linahitaji swali hilo lirudi mbele yako kesho, kisha baada ya siku nne. La tatu ni tabia, na tabia huonekana ikijirudia: utaona, kwa mfano, kwamba kila swali lenye "isipokuwa" linakukamata, na ukishaona hivyo utaanza kulipigia mstari neno hilo kabla ya kusoma majibu. La nne linatatuliwa kwa kujua swali gani la kuruka.

Usinakili swali zima. Andika mstari mmoja wa swali upande wa kushoto, jibu na sababu yake upande wa kulia, ili ufunike upande wa kulia kwa mkono na kujiuliza. Hilo ndilo la ile nusu saa ya baada ya isha. Swali ulilolijibu vizuri mara nne kwa siku tofauti likate. Mwisho wa kila wiki hesabu sababu zako. Kama wiki ya tano nusu ya makosa ni ya aina ya pili, unasoma mapya mengi mno na kurudia kidogo mno, na wiki ya sita ipangwe hivyo. Ndiyo maana sikupangii mada za wiki zote kumi na tatu leo. Wiki ya kwanza tu ndiyo ninayoweza kukupangia kwa uhakika. Zilizobaki zitapangwa na daftari lako.

Lakini naweza kukwambia mianya utakayoikuta, maana mtaala wetu wa sekondari na ule wa IMAT naufahamu vizuri. Kwenye biolojia, Form One yote usiisome neno kwa neno. Uainishaji wa viumbe na ekolojia unavijua vya kutosha. Kinachokosekana ni ndani ya seli. Chukua upumuaji wa seli. Vitabu vyetu vinakwambia glukosi huvunjwa, nishati ikatolewa kwenye mitokondria, basi. IMAT inataka hatua: glaikolisi iko kwenye saitoplazimu, mzunguko wa Krebs uko kwenye matriki ya mitokondria, msururu wa elektroni uko kwenye utando wa ndani. Inataka ujue kwamba kila duru moja ya Krebs hutoa NADH tatu, FADH2 moja, ATP au GTP moja na molekuli mbili za kaboni dioksidi. Vitabu vingi vya shule vinataja ATP 38 kwa glukosi moja. Vitabu vya sasa vya chuo vinahesabu kati ya 30 na 32. Ujue zote mbili zinatoka wapi.

Soma mada hiyo kwa saa moja, funga kitabu, chukua karatasi tupu uchore mzunguko wote kwa kumbukumbu, kisha fungua na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo somo la kesho. Fanya hivyohivyo kwa DNA kujinakili, unakili wa RNA na utengenezaji wa protini, kwa mgawanyiko wa seli, kwa kinga ya mwili, homoni na neva. Jenetiki tayari unaiweza kwa kiasi, ila ongeza mafumbo ya ukoo na magonjwa yanayobebwa na kromosomu ya X.

Kemia itakusumbua mahali pawili. Kwanza muundo wa atomu: shule ilikufundisha mpangilio wa elektroni wa 2.8.1, na IMAT inakutaka ufike kwenye obitali za s, p na d. Pili kemia ya kaboni: alkanoli na asidi za alkanoiki unazijua, lakini aldehaidi, ketoni, amini, esta na isoma zake zinahitaji wiki mbili za alfajiri nzuri. Moli, oksidisheni na mizani ya mmenyuko ulishapewa msingi. Kinachobaki ni kasi.

Na kasi inanileta kwenye kalkuleta. Miaka minne umezoea kubonyeza. Kwenye IMAT una wastani wa sekunde 100 kwa swali na vidole vyako. Habari njema ni kwamba watungaji wanalijua hilo na namba zao hupangwa ziweze kukatwa. Jizoeze kuandika kila kitu kwa nguvu za kumi, kukata juu na chini kabla ya kuzidisha, na kukadiria. Mvutano wa dunia utumie kama 10 mpaka swali likatae. Kumbuka logi ya 2 ni karibu 0.3 na ya 3 karibu 0.48, na utashangaa maswali mangapi ya pH yanafunguka. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita ina pH ya 2. Ya moli 0.02 ina 2 kutoa 0.3, yaani 1.7. Kuanzia leo weka kalkuleta kabatini mpaka mtihani uishe.

Mantiki ni ndogo lakini inalipa haraka. Maswali ni ya kupima hoja: hitimisho lipi linafuata, dhana ipi imefichwa, maelezo yapi yanaidhoofisha hoja. Hayahitaji kukariri kitu. Matatu kwa siku, kila siku, ukiandika kwa nini kila jibu lisilo sahihi halifai, na baada ya wiki sita utakuwa unayapata mengi. Maarifa ya jumla, kwa upande mwingine, usiyatafutie saa. Bahari yake haina mwisho na maswali ni machache mno. Soma habari za dunia ukiwa umepumzika, ujue taasisi za Ulaya na historia kidogo. Mtoto wa Malindi ana akiba yake pia: unaishi karibu na Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kwa uchunguzi wa miale ya eksi angani, na aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia 2002.

Kiitaliano nacho nakuomba ukiache kwa miezi hii mitatu. Najua hapo mjini unakisikia kila siku na pengine unakizungumza vizuri. Kitakufaa sana miaka ya hospitali, utakapokutana na wagonjwa wasiojua lugha nyingine. Kwenye mtihani huu hakikupi hata alama moja, na saa zako zimehesabika.

Sasa lile la kujibu maswali yote 60. Wengine watakutisha kuhusu kukatwa alama, wengine watakwambia usiache swali. Tupige hesabu. Ukibahatisha kabisa kati ya majibu matano, wastani wako ni karibu sifuri: moja ya tano ya 1.5 ni 0.30, na nne za tano za 0.4 ni 0.32, kwa hivyo unapoteza 0.02 kwa swali. Ukiweza kuondoa jibu moja kwa uhakika, unapata wastani wa 0.075. Ukiondoa mawili, unapata 0.23. Ukibaki na mawili tu, 0.55. Kwa hiyo ukiondoa hata jibu moja kwa sababu ya kweli, jibu. Usipoweza kuondoa lolote, ruka.

Nimesema kwa sababu ya kweli, kwa kuwa majibu ya makosa hayawekwi ovyo. Hutungwa yamvute mwanafunzi aliyesoma nusu, na huyo anaweza kufanya vibaya kuliko anayefumba macho na kuchagua. Njia ya kujua kama nawe unavutwa ni hii: katika kila karatasi, pembeni ya kila jibu andika U kwa uhakika, N kwa nusu, B kwa kubahatisha. Ukisahihisha, hesabu kila kundi peke yake. Majibu 20 ya N yanahitaji angalau matano sahihi ili yakulipe. Yakiwa manne umetoka na hasara ndogo. Baada ya karatasi tatu utaijua N yako ina thamani gani, na uamuzi wa kujibu au kuacha hautakuwa wa woga wala wa ujasiri.

Wakati wa karatasi, pita mara mbili. Safari ya kwanza jibu unayoyaona mara moja na weka alama kwa yale yanayohitaji hesabu ndefu. Swali likipita dakika mbili liache. Safari ya pili rudi kwa yenye alama. Alama ni ileile kwa swali la sekunde ishirini na la dakika nne.

Nyumbani, keti na mama mapema kabla ya ratiba kuanza. Msichana aliyemaliza shule na yuko nyumbani huonekana hana kazi, na kila mgeni, kila kutumwa dukani, kila harusi ya Agosti itamwangukia yeye. Mwonyeshe mama saa zako kwenye karatasi, umwonyeshe na saa zake, kwamba kuanzia saa kumi wewe ni wake bila kuitwa mara mbili. Harusi ya ndugu wa karibu nenda, na siku hiyo ihesabu kuwa ya mapumziko. Weka pia siku moja tupu kila wiki ya tatu kwa ugonjwa, msiba na yote yasiyopangwa. Ratiba isiyo na nafasi tupu huvunjika wiki ya pili, na mtu akaacha yote.

Wiki ya mwisho usianze mada yoyote. Karatasi ya mwisho ifanye siku tano kabla, kwa saa ileile iliyotajwa kwenye tangazo la mwaka huu. Baada ya hapo ni daftari la makosa, saa tatu kwa siku, kisha mbili, na siku ya kuamkia mtihani usizidi moja. Popote kitakapokuwa kituo, fika angalau siku moja kabla. Usishuke kwenye basi la usiku ukaingia chumba cha mtihani.

Mambo ya usajili nitayapitia upesi, maana yamewakosesha nafasi watu walioiva kimasomo. Usajili unafanyika kwenye tovuti ya Universitaly na dirisha lake huwa fupi, kwa hivyo anza kuitazama kila siku kuanzia sasa na uwe na pasipoti mkononi. Miaka yako minane ya msingi na minne ya sekondari inatimiza ile kumi na mbili ambayo Italia inaitaka. Kwa kuwa hutoki nchi za Umoja wa Ulaya, unashindania nafasi zilizotengwa kwa wageni. Pavia, Bologna, Padova, Sapienza ya Roma na vingine kila kimoja kina idadi yake. Kabla ya kuchagua chuo, tafuta alama aliyoingia nayo mtu wa mwisho katika kundi lako mwaka uliopita kwenye chuo hicho. Hiyo ndiyo namba ya kuiandika chini ya 23.5 yako. Na maombi yako ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni hapa Kenya, yaendelee kama kawaida. Kuwa na nafasi ya pili nyumbani kutakufanya ukae kwenye kiti cha mtihani ukiwa na moyo mtulivu.

Jumamosi hii fanya karatasi ya kujipima kama nilivyoeleza, herufi zikiwa zimebadilishwa, na zile U, N na B pembeni. Kisha niandikie mambo matatu: ulipata mangapi kwa kila somo, makosa yako yamegawanyika vipi katika zile sababu nne, na N zako zimekulipa ngapi. Nikishayaona, nitakwambia wiki ya pili uianze na obitali za atomu au na utengenezaji wa protini.